Fimbo Zilizopinduka

Kufuma kofia ya sufu Garissa, jua la saa saba likikuchoma utosi, ni kazi ya mtu aliyechoka na akili zake. Mimi nilikuwa nimechoka hivyo. Jasho liliulowesha uzi mpaka ukanuka kama kondoo aliyenyeshewa.

Kofia ilikuwa ya kaka yangu, aliyekuwa shule ya bweni kule kwenye baridi, chini ya mlima. Aliandika kwamba masikio yanamuuma hadi yanatoa usaha, na akijifunga taulo kichwani wenzake wanamwita bibi harusi. Hata mimi ningemwita hivyo, lakini barua ilimliza ayeeyo, nyanya yetu, nikanyamaza. Siku hizo malori hayakwenda popote bila askari wa kuyasindikiza, na msafara wa kwenda huko ulikuwa kesho yake asubuhi. Jua likitua, hakuna kutoka wala kuwasha taa.

Kufuma nilifundishwa shuleni, kwa spoku nne za baiskeli. Uzi ulitoka kwenye sweta mbili kuukuu, nyeupe na nyeusi. Ayeeyo alitaka kitu kimoja tu: alama tuliyowachoma ngamia wetu izunguke kofia nzima, yaani fimbo yenye ndoano juu. Ngamia wenyewe waliishia vitani, kabla hatujahamishiwa kijiji hiki cha uzio wa miiba. Nilianzia utosini, nikazifuma fimbo sita nyeusi, uzi unaopita nyuma yake nikiulegeza usiikaze kofia. Ikabaki sehemu ya kufunika masikio.

Alasiri ayeeyo aliniwekea kofia kichwani na spoku zake, akanitazama, akasema hizi si zetu. Nikaivua. Nikiwa nafuma, utosi wa kofia ulining'inia chini na fimbo zikasimama vizuri mbele ya macho yangu. Kichwani zote zilipinduka, ndoano chini. Hiyo ni alama ya watu wa kisima cha pili, ambao ayeeyo hajawasalimia tangu mama yangu azaliwe.

Nikamwambia ayeeyo kwamba kaka atatembea kwa mikono, zitakaa sawa. Hakucheka. Nikashika spoku ya kwanza niichomoe, nifumue yote. Akanizuia mkono.

"Ukifumua, sehemu ya masikio utaimaliza kabla jua halijatua?"

"Hapana, ayeeyo."

Akapitisha kidole kwenye fimbo moja. "Ngamia hawapo," akasema. "Masikio yapo. Endelea."

Nilimaliza jua likigusa uzio. Asubuhi dereva wa lori akaisukuma chini ya kiti chake, mimi nikaenda kulala kwenye somo la hesabu.

Barua ya kaka ilikuja baada ya wiki kadhaa. Masikio yamepona, na anaomba soksi. Basi. Ayeeyo alitaka nimsomee mara tatu, akingoja habari ya alama. Mara ya tatu nikaongeza langu: kwamba kaka akiivua kofia huiweka chali kama bakuli, na fimbo zetu zote zinasimama wima.

Akaniuliza mbona mara mbili za kwanza sikuyasoma hayo. Nikasema mwandiko wa kaka ni mbaya, walaahi.