Siku Mwanangu Alipoulizwa Baba Yuko Wapi

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya wakwe, kwa hiyo nikiisimulia msinihurumie.

Ilikuwa miaka ya sabini, nafundisha shule ya msingi karibu na Kabanga, nina baiskeli, nina redio, nina mke, Agripina, na mtoto wetu wa kwanza, Boni, aliyekuwa bado anatambaa. Siku ya ubatizo wake wakwe walitoka Munanila na pombe yao ya ndizi, majirani wakaja, tukasalimiana kwa lugha ya kwetu, mwakeye, na makofi yake mpaka viganja vikauma. Ingeishia hapo tungekula tukalala. Lakini mimi, msomi wa sekondari, nikaona niwaonyeshe watu kwamba mtoto huelewa maneno kabla hajayasema (na kweli huelewa, hapo sikukosea).

"Boni, taa iko wapi?" Akaitazama taa. "Kuku yuko wapi?" Akamtazama kuku. Watu wakashangilia, nami kichwa kikavimba, nikaenda kujipanga katikati ya wanaume ili mtihani uwe mgumu.

"Mwalimu, mwache mtoto, amechoka," Agripina akasema.

"Hajachoka. Boni, baba yuko wapi?"

Mtoto akanipita kwa macho kama mti wa mpaka. Wakati huohuo kengele ikalia, Bwana Shamba, kijana aliyeletwa kwetu kutoka Mbeya, akaingia uani juu ya baiskeli yake, na Boni akarukaruka mapajani mwa mama yake, mikono yote miwili kwa Bwana Shamba, anacheka mpaka ufizi wote nje.

Watu wakanigeukia. Mtu mwenye akili angecheka. Mimi nikauliza kwa sauti ya darasani, "Agripina, mtoto amemjulia wapi mtu huyu?"

Mama mkwe akaweka kibuyu chini. Baba mkwe akasimama.

"Mwanangu, funga nguo zako. Hapa umeitwa malaya mbele yangu."

"Mzee, mimi nimekuja kula ubwabwa tu!" Bwana Shamba akalia, akaegesha baiskeli ukutani akaja kujitetea, na hapo ndipo kila mtu alipoona kwamba Boni hamtazami yeye. Anatazama ukutani. Agripina akambeba mpaka kwenye ile baiskeli.

"Uliza tena, Mwalimu. Uliza kwa nguvu kama mwanzo."

"Boni... baba yuko wapi?"

Mtoto akapiga tandiko kwa kiganja, pa, pa, pa.

"Kila jioni unapiga kengele kule migombani," Agripina akaniambia, hakupandisha hata sauti, "namwambia, baba huyo! Unaegesha, unaingia ndani kwa redio yako, hata kumshika humshiki. Uani kinabaki nini?"

(Baiskeli yangu siku hiyo nilikuwa nimeifungia chumbani, watoto wa wageni wasiichezee.)

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, lakini baba mkwe hakucheka. Aliondoka na binti yake na mjukuu wake, akaniachia neno moja: "Utaleta pombe ya kumwomba radhi. Na uje kwa miguu."

Basi nikatembea kutwa nzima mpaka Munanila, mtungi kichwani kama bibi harusi, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Mwalimu, baba yuko wapi?" Nilipofika Agripina alikuwa mlangoni, Boni mgongoni.

"Baba huyo," akamwambia.

Mtoto akachungulia nyuma yangu. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Hakuna kitu. Ndipo akarudi akaniangalia usoni, taratibu, kama mtu anayeonyeshwa mgeni, na mimi nikatua mtungi nikanyoosha mikono.

Tulipata watoto wengine sita. Hakuna hata mmoja niliyempigia kengele. Kila jioni nilishuka kule migombani, nikaisukuma baiskeli kimya mpaka uani, nikamwinua mtoto mpaka pua zikagusana, nikasema mwenyewe: baba huyu. Redio ilisubiri.