Kupima Mchele Kinu Kikiwa Kinazunguka

Siku yangu ya kwanza katika kinu cha Rujewa, Fundi Mgaya alinikabidhi ungo, akaniambia, "Dada, hapa kinu hakisimami. Mimi nakaza na kulegeza; wewe ndiwe macho yangu."

Ndivyo tulivyofanya kazi miaka ile ya sabini. Mpunga ulipita kati ya roli mbili za mpira zilizouvua maganda. Roli zikikazwa mno, punje huvunjika zikawa chenga. Zikilegea, mpunga hutoka na maganda yake. Na mpunga wa Usangu haukuwa wa namna moja: gunia hili kavu, lile bado lina unyevu. Kwa hiyo fundi alirekebisha roli huku kinu kikinguruma, nami nyuma yake nikikinga mchele mdomoni mwa mashine na kuupepeta bila kukoma. Kelele hazikuruhusu maneno. Nikifumbua kiganja, aendelee. Nikikunja ngumi, alegeze.

Kisha akaletwa Meneja mpya.

"Huyu mama analipwa kwa kupepeta?" aliuliza. "Koboeni kwanza! Mtapima jioni, kazi ikiisha."

"Ndugu Meneja," fundi akajibu, "punje ikishavunjika, utaishona kwa sindano gani?"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Meneja hakucheka. Nilipelekwa kufagia pumba.

Jioni tulifungua magunia: chenga tupu, na ndiyo yaliyokuwa mavuno ya kijiji kizima. Mbele ya wakulima wenyewe, Meneja akamwachisha fundi kazi, eti kwa uzembe.

Nilimwendea. "Ndugu Meneja, umemfunga mtu kitambaa machoni, kisha unamwadhibu kwa kujikwaa?"

"Mama, rudi kwenye ungo wako."

"Ungo upi? Si umeuondoa wewe?"

Kesho yake ungo ulirudishwa, nami nikarudishwa. Fundi hakurudishwa.

Baadaye nilihamishiwa kinu cha Mwanjelwa, nikamkuta Msimamizi Mkuu wa huko akisifiwa kwa kupima mchele kinu kikizunguka. Walikiita kitendo hicho utaratibu mpya! Nikashika ungo kwa hasira, nikapepeta mpaka nilipostaafu.

Na wewe, mjukuu wangu unayeandika haya, unanieleza kwamba kompyuta yako huijaribu programu yako chinichini ungali unaiandika, na penye kosa hukuonyesha papo hapo. Vema. Ila usiniambie kwamba ni uvumbuzi wa vijana. Mtu aliyenifundisha jambo hilo alimalizia maisha yake Iringa akiziba pancha za baiskeli, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyepanda kilima cha Iringa kumwomba radhi.