Wekoye Hakurogwa, Ni Mshipa

Hii stori imenishtua, wacha niseme ukweli. Wekoye analima mahindi Tongaren, na msimu wa kutahiri ndiye anaongoza nyimbo. Anakimbia mbele ya kijana anayeenda kutahiriwa mpaka mtoni, anaimba, umati unaitikia.

Lakini kila msimu kifua kinambana, anashika mti, anahema. Sasa, sisi Bungoma tunatahiri mwaka mmoja, unaofuata tunapumzika. Mwaka wa kupumzika Wekoye hakimbii. Shambani anaenda mwendo wake tu. Kifua kinatulia. Watu wakaamua: ugonjwa wa kuja na nyimbo ni wa Khaemba, mwimbaji mwenzake wa Misikhu, ati ana wivu, amemroga. Wekoye akaamini. Wakaacha kusalimiana, hata kwa mazishi. Na wote wanaenda kanisa!

Mwaka huu ni zamu ya mtoto wake, Derrick. Wekoye akajaribu sauti nyuma ya nyumba, akaanguka. Bibi yake, Nabwile, akamkimbiza hospitali Kitale, moyo ikapigwa picha.

Daktari Jepkorir akawaambia, "Mzee, kuna mshipa wa ziada hapa. Umetoka kwa mshipa unaolisha moyo, ukaingia kwa ule wa mapafu. Ukikimbia, damu inapotelea huko, moyo inabaki njaa."

"Nani aliuweka?"

"Hakuna mtu. Ulizaliwa nao."

"Miaka hii yote?"

"Wengine wanazeeka nao bila kujua. Wako ni mkubwa, lazima tuuzibe. Kwa sasa kukimbia na kuimba, sahau."

Nabwile akamgeukia mzee wake. "Baba Derrick, Khaemba ni mdogo kwako. Alikuroga kabla azaliwe?"

Mimi nauliza hivi: kifua kinakubana miaka yote hiyo, unapima mwenzako badala ya moyo?

Shida ni kwamba mtoto haendi mtoni bila mwimbaji, na mwenye anazijua hizo nyimbo vizuri amebaki mmoja. Wekoye na bibi yake wakaenda Misikhu, wakampata Khaemba sokoni akiuza viazi.

"Umekuja kunitukana mbele ya wateja?"

"Nimekuja kukuomba uimbie mtoto wangu." Akamweleza yote, mpaka mshipa.

Khaemba akaweka viazi chini. "Bibi yangu alitengwa kanisani juu ya mdomo yako, bana."

"Najua. Nisamehe."

"Nitaimba. Lakini kwanza usimame mbele ya watu wote, useme ni mshipa."

"Na pumzi ikiniishia katikati?"

"Mama Derrick atamalizia."

"Tena kwa sauti," Nabwile akasema.