Mkate Ambao Mke Wangu Angeweza Kula

Kazi yangu ni kuoka mikate. Baba yangu naye alioka mikate hapa hapa Kamembe, upande wa Rwanda wa mpaka na Kongo, na tanuri la matofali lililo nyuma ya nyumba yetu alilijenga yeye. Kwa hiyo siku ile daktari aliponiambia kwamba kinachommaliza mke wangu ni ngano, nilimwomba arudie. Nilidhani Kifaransa chake na Kiswahili changu vimepishana mahali.

Tulikuwa tumefika kwake Kigali baada ya kuogopa kitu kingine kwa muda mrefu. Mke wangu alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni akiosha vyombo. Chakula hakikukaa tumboni mwake. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, na ya pili ilitoka tukiwa tumeshaanza kununua nguo za mtoto. Huku kwetu mtu akikonda namna hiyo hakuna anayesema utumbo wake unaumwa. Watu wanasema amelishwa kitu. Dada zangu walisema hivyo, majirani wakasema hivyo, na sisi wenyewe tukaanza kuamini. Harusini mke wangu alikuwa akisogeza wali sahanini kwa vidole, kisha ananipitishia mimi kimya kimya. Mwisho akawa hali chochote isipokuwa kilichopikwa nyumbani kwetu, na mimi, ili apate nguvu, kila asubuhi nilimletea mkate wa moto kutoka tanurini.

Daktari yule, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa amempitishia mpira wenye kamera mdomoni mpaka kwenye utumbo, akachukua kinyama kidogo kikapimwa. Alitueleza kwamba ndani ya ngano mna kitu kinachoitwa gluteni, ndicho kinachoufanya unga ukikandwa uvutike. Mwili wa mke wangu unakiona kitu hicho kama adui, na katika kupigana nacho unauumiza utumbo wake mwenyewe. Hakuna dawa. Ni kuacha ngano na shayiri maisha yote.

"Hata kidogo?" nikauliza.

"Hata vumbi la unga kwenye kijiko, Papa."

Mke wangu akauliza kuhusu zile mimba. Daktari akasema inawezekana zilitoka kwa sababu hiyo hiyo, lakini hawezi kuapa.

Kwenye basi la kurudi, njia nzima ya msituni mke wangu alilala begani kwangu. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Unga haukosekani kwenye kucha za mtu wa kazi yangu, hata akinawa vipi. Nikaitoa mikono juu yake, nikaiweka mapajani.

Nililizima tanuri la baba. Nikaenda kuoka kwenye tanuri la mtu mwingine, karibu na soko, na huko huko nikawa naoga na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Miko ya mbao na ungo wa zamani tuligawa. Mke wangu akashika ugali wa muhogo, ndizi, viazi, maharage na wali. Alijifunza kuuliza kila kitu: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wamepakwa unga gani kabla ya kukaangwa, mafuta yale yamekaangiwa mandazi au la, kwenye kubu, vile vipande vya kukolezea mchuzi, mna nini. Wauzaji walichoka naye. Lakini mashavu yalirudi, na pete ikakaa kidoleni. Kisha akapata mimba ya tatu, na hatukumwambia mtu yeyote.

Katika mimba hiyo ndipo alipoanza kutamani mkate. Hakutamani udongo wala ndimu kama wanawake wengine. Alisema usiku anaota anaumega mkate, na harufu anaisikia kabisa. Mimi kazi yangu ni hiyo, na mke wangu ananiomba kitu hicho kimoja. Ningemkataliaje?

Nilishuka Bugarama nikanunua mchele mweupe kwa mfanyabiashara mmoja, nikaupeleka mashineni Kamembe ukasagwa laini. Mkate wa kwanza, niliouoka nyumbani kwenye sufuria mpya, ulitoka mgumu, umepasuka katikati. Nikajaribu unga wa muhogo wa Gikundamvura. Huo ulivutika kama mpira na ndani ukabaki mbichi. Unga wa mtama ulinipa rangi nzuri, lakini mkate ulimomonyoka kabla haujafika mdomoni. Nilikuwa sijajua ni kazi kiasi gani gluteni ilikuwa ikinifanyia miaka yote. Ndiyo iliyokuwa ikishika hewa ndani ya donge, na bila yake mikono yangu ilikuwa kama ya mtu anayejifunza. Mwishowe nilipika unga kidogo wa muhogo kwa maji mpaka ukawa kama gundi, nikauchanganya na unga wa mchele, mayai na hamira. Pakiti ya hamira niliisoma upande wa Kifaransa mara nyingi, nikitafuta neno la ngano. Halikuwamo. Donge likaumuka.

Mke wangu alikula kipande, akacheka, akaomba kingine. Nilifurahi mno siku ile.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amejikunja kitandani. Alitapika, tumbo likamwendesha, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba linamvuta kwa chini. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara mbili. Nilikimbia kutafuta gari. Njiani kila tulipopita kwenye tuta alifumba macho, na mimi nilikuwa nikiutazama mkeka wa gari chini ya miguu yake, kwa sababu mara ya pili damu ilianzia garini.

Hospitalini muuguzi alimlaza, akampaka mafuta tumboni, akaweka kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto. Tukasikia mkwaruzo tu. Akakisogeza. Mkwaruzo tena. Mke wangu alikuwa ameangalia dari, midomo inacheza, najua alikuwa akiomba. Mimi sikuweza hata kuomba. Nilikuwa nikifikiria kwamba safari hii nimemlisha mwenyewe, tena kwa kucheka. Muuguzi akabonyeza chini zaidi, karibu na nyonga, na pale ukasikika, mwepesi, unakimbia.

"Huyu hapa," akasema muuguzi. "Alijificha."

Walimtundikia maji, wakambakiza mpaka maumivu yalipotulia. Mimi nikaenda mashineni. Sikwenda kugombana, nilitaka kujua tu. Mwenye mashine, mzee mstaarabu, aliniuliza unga wangu ulikuwa na kasoro gani. Nikamwuliza ni nafaka zipi wanazosaga pale.

"Kila kitu, Papa," akasema. "Mahindi, soya, mtama. Na ngano, bamama banachanganya kwa uji ya batoto."

Nikainua macho. Vumbi jeupe lilikuwa limekaa juu ya mbao za paa, kwenye mikanda ya mashine, kwenye nyusi za mzee yule. Nilimlisha mtoto wangu vumbi lile, na lilikuwa halionekani ndani ya unga wa mchele.

Baada ya hapo mke wangu hakutaka tena kitu chochote kipya. Alikula viazi vitamu alivyovimenya na kuvichemsha mwenyewe, na chumvi, basi. Nikimkaribia akiwa jikoni aliniuliza kama nimeoga. Uso ukaanza kuingia tena ndani, na kliniki wakasema mtoto haongezeki inavyotakiwa. Sasa niliogopa pande zote mbili, akila na asipokula.

Ilibidi tumwambie mama yake. Alivuka mpaka kutoka Bukavu na kitenge chake kipya, akasikiliza yote bila kutukatiza. Kisha akasema kwamba marehemu mama yake, huko Uvira, alikuwa akipika mkate wa sikukuu kwa mchele ambao haukuona mashine. Unalowekwa, unatwangwa ukiwa na maji, unakuwa uji mzito. Haukandwi, unamiminwa.

Nilinunua kinu kipya na mchi wake. Mama mkwe na mke wangu walimwaga mchele kwenye sinia, wakauchambua punje moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, wakauosha mpaka maji yakatoka safi. Ulipolowana mimi nilitwanga. Tukatia maziwa, sukari, iliki na hamira, tukafunika. Ulipoumuka tukaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Ulitoka wa dhahabu, umejaa vitundu kama sega la asali.

Nilikata kipande nikala. Ulikuwa mtamu, lakini kuonja kwangu hakukuwa na faida. Mimi ngano hainidhuru. Mwili pekee uliokuwa na uwezo wa kutuambia kama mkate ule una sumu ulikuwa wake, na ndani yake mlikuwa na mtoto.

Nikamwambia asile. Nilimwambia kweli, tusubiri ajifungue kwanza.

Alikuwa ameshika kipande mkononi. "Na mimi niko naogopa," akasema. "Lakini nikikataa kila kitu, mutoto atakula nini?"

Akala. Mama mkwe akatoka nje kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka. Mimi sikwenda kazini. Nilikaa karibu naye mchana wote, nikimtazama kila alipobadili mkao, na yeye akaniambia niache kumtazama hivyo, lakini sikuweza. Usiku alilala vizuri. Siku iliyofuata akaomba chai na kipande kingine.

Binti yetu alizaliwa wakati wa mvua, mdogo, analia kwa nguvu. Sasa anatambaa na ameota meno ya mbele. Daktari wa Kigali alitwambia kwamba ugonjwa ule hurithiwa, si lazima, lakini hutokea. Tulidhani atatuambia tumfiche mtoto mbali na ngano kabisa. Akasema hapana. Tumpe kidogo kidogo, tumwangalie kwa miezi, kwa sababu asipoila hata vipimo havitaonyesha kitu.

Juzi nilileta kutoka kazini kipande cha mkate, nimekifunga ndani ya mifuko miwili. Mke wangu aliniambia nimlishe nje, mbali na jiko, akabaki mlangoni ametugeuzia mgongo. Nilimega tonge dogo kuliko ukucha, nikamwekea mtoto mdomoni. Alilimumunya akiwa amekunja uso. Kisha akanyoosha mkono, anataka tena, na mimi nikageuka kumtazama mama yake.

"Umupe," akasema bila kugeuka.