Nyasi za Bwana Nyama

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, pori la serikali huku kwetu Serengeti lililindwa na mzungu tuliyemwita Bwana Nyama. Jina lake halisi ninalijua, na la mkalimani wake, na ya wanawake wote tuliokata nyasi siku zile. Siyataji; wajukuu zao ni majirani zangu.

Bwana Nyama alikuwa na elimu kubwa ya moto. Wazee wetu walikuwa wakichoma nyasi vipande vipande mara mvua zikiisha, zikiwa bado na ubichi, ili wakati wa kiangazi moto mkubwa ukose chakula. Yeye akapiga marufuku, eti tunaharibu pori. Tukatii. Kwa miaka miwili nyasi zikakua hadi ng'ombe akawa anaonekana pembe tu. Zilipendeza sana. Siku moja mchana zikawaka, na kijiji chetu pamoja nazo.

Nyumba yangu ilikuwa na miezi mitano, mtoto wangu mitatu. Zilibaki kuta, nyeusi kama chungu. Mume wangu alihangaika akapata miti ya paa. Nyasi za kuezekea ndizo hazikuwapo. Zilisalia ng'ambo ya mto tu, ndani ya pori, na huko kukata jani moja ni kesi. Mawingu nayo yameshaanza kukaa mlimani.

Basi Bwana Nyama akaja kutupa pole. Pole yenyewe ilikuwa amri: wanawake tukatoe magogo yaliyoangukia barabara yake, kisha tufyeke njia ng'ambo ya mto, upana hatua kumi, ili moto mwingine usipite. Pori limeumia, alisema. Sisi, nadhani, tulikuwa tunaota jua.

Mama mkwe wangu akamwuliza mkalimani, "Mwanangu, hii ni risaga?"

Kwetu risaga ni kazi ya kualikana, na aliyeita watu ndiye huwapikia chakula na pombe ya ulezi.

"Mama, ni kazi ya serikali."

"Serikali imetuita, haikutuita?"

"Imewaita."

"Sasa pombe iko wapi? Mwambie sisi si watu wa kudai. Kama hakupika, atuachie hizo takataka tutakazofyeka."

Mkalimani akatafsiri huku akitazama chini. Nyumba ya mama yake nayo haikuwa na paa. Bwana Nyama akacheka, akasema takataka tubebe zote, tutakuwa tumemsaidia.

Tukamsaidia. Sijaona tena wanawake wakiipenda serikali namna ile. Hatua za nani, hakusema, kwa hiyo tulipima kwa za jirani yangu mwenye miguu ya korongo. Naye kila akifika tisa alipotewa na hesabu, akaanza upya.

Bwana Nyama alipokuja kukagua alitusifu. Njia safi kama ile hajapata kuiona, na pana.

Mvua ya kwanza ilitukuta tunafunga miganda ya mwisho juu ya paa. Nikaingia ndani na mtoto, nikatazama juu muda mrefu. Palivuja mahali pamoja tu, upande wa mume wangu. Nikamwambia pale pangoje mpaka serikali ituite tena.