Saa ya Neema imeniambia nipumzike

Leo nimeionea wivu saa.

Binamu yangu Neema amefika hapa mjini kwetu Baraka na ile saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo. Alitusaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo, kidogo tu, saa ikatetemeka.

Neema akaisoma: «Inasema bravo, nimefanya spoti.»

Mimi ninatwanga tangu utotoni. Nani alishaniambia bravo?

Nikaiomba, nikaivaa, nikatwanga kwa nguvu. Ikatetemeka: pumzika kidogo.

Nikaweka mchi chini.

Mama akaniangalia. «Iyo saa ndio mama yako? Twanga.»

Neema akanyoosha mkono. «Leta, dada, betri itaisha.»

Mama anasema makampuni yanapoteza nguvu kutengeneza vitu kama hivyo. Mimi ningependa watengeneze nyingi, hata moja inifikie. Hapa nyumbani hakuna mwingine aliyewahi kuniambia nipumzike.

Kwenu nani huwaambia mpumzike?