Injini ya Kushoto Haikuwa Mbovu

Siku yangu ya kwanza kazini, Rubani Mkuu alinifunga kitambaa machoni nikiwa nimeketi kwenye ndege ya injini mbili, akaniamuru niguse kila swichi aliyoitaja. Ya kuchagua tangi la mafuta niliikosa mara tatu. "Kijana," akasema, "hiyo itakuja kukuaibisha."

Wengi hudhani injini mbili ni usalama maradufu. Moja ikizima, ile nzima huisukuma pua ya ndege upande wa iliyokufa. Unakanyaga pedali ya upande wa injini nzima kuinyoosha. Mwendo usishuke chini ya mstari mwekundu wa kipimamwendo, la sivyo ndege inabinuka. Magurudumu na flapu za mabawa unayateremsha ukiwa na hakika ya kufika kiwanjani, maana kupaa tena pengine hutaweza.

Hivyo ndivyo nilivyotua na abiria watano, injini ya kushoto imezima. Nilitua vizuri, na hilo sikubali kubishiwa. Lakini injini haikuwa na kasoro. Nilisahau kuhama kutoka tangi la akiba kwenda tangi kuu, ikakosa mafuta. Tuliposimama, niligeuza swichi kwenda tangi kuu kabla Fundi Mashaka, aliyeitunza ndege ile, hajafika. Mimi nikapandishwa cheo kuwa kapteni; yeye akafukuzwa kwa matengenezo mabovu.

Sasa naishi Guangzhou, China, kwa binti yangu, Neema, anayenunua vitambaa soko la Zhongda. Wafanyabiashara wenzake kutoka nyumbani wakija kula hutaka niwasimulie kutua kule, nami nilikuwa nikikiruka kipande cha swichi. Mwezi uliopita nilikisema. Mmoja akaweka kijiko chini. "Mzee, kumbe miaka yote ulikuwa unatuuzia feki?"

Nikamjibu ndiyo. Neema akanifuata jikoni, akasema nimestaafu kwa heshima na hakuna aliyeniuliza.

Kesho yake nilimpigia Mashaka. Akasema, "Injini niliiwasha siku ile ile, ikawaka mara moja. Niliwaambia wakubwa. Wakasema rubani wao hawezi kudanganya."

Nilimwomba radhi. Akaniambia wajukuu wake wanajua babu yao aliharibu ndege, na radhi ya kwenye simu hawataisikia. Niandike.

Nimeandika. Nakala moja nimempelekea yeye, nyingine uongozi wa kampuni. Neema alinisihi nisitie jina. Nimelitia, pamoja na cheo nilichopewa kwa uongo. Wakikitaka, waje wakichukue.